Fomu Isiyo na Kichwa

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila jina lenyewe bado liko kwenye kamati, na kamati imeomba muda. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu. Wenyewe wanaijua, na wasio wenyewe wataona inafanana na ya jirani yao.

Nchi yetu haijawahi kumlazimisha mtu jambo. Nalisema hili kwa fahari. Kila sheria, kila sera na kila mwongozo uliotungwa tangu tupate bendera ulikubaliwa na wananchi wenyewe, na ushahidi upo, umefungwa kwa kamba za katani katika ghala la serikali: fomu za mahudhurio. Mwananchi anaitwa mkutanoni kutoa maoni. Mlangoni anakuta karani, meza, na karatasi yenye mistari. Anaandika jina, anaandika anakotoka, anatia sahihi. Bila sahihi haingii. Mkutano ukiisha, karatasi ile inabanwa nyuma ya waraka uliojadiliwa. Mahakama ya Juu ilishaamua, katika kesi ambayo mlalamikaji alishindwa kwa kuwa alihudhuria, kwamba aliyesaini mahudhurio amesaini waraka.

Wakazi wa Mtunguru walikwenda mia tatu kupinga jalala kujengwa karibu na zahanati yao. Jalala lipo, na majina yao yamechongwa kwenye jiwe la ufunguzi. Mzee mmoja aliyekuwa anapita tu, akaingia kuuliza choo kiko wapi, alilikubali jalala lile kwa niaba ya kaya kumi na moja. Mwandiko wake unasifiwa mpaka leo.

Jambo moja zaidi kuhusu fomu ile, maana hadithi nzima inaning'inia hapo. Haina kichwa. Juu ya mistari hakuna jina la mkutano wala mada. Kuna nafasi tupu. Mpigachapa wa serikali aliagizwa zamani asipoteze wino kwa vichwa, kwa sababu mikutano hubadilika, ilhali makubaliano ni yale yale.

*

Zaituni Ngwale alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa, mwaka wa sita, na sita ndio mwisho. Ijumaa ya wiki ninayoisimulia, saa kumi kamili alasiri, tasnifu yake ingefutwa kama ingekuwa haijasikilizwa, naye angerudishwa mwaka wa kwanza kama mtu asiyejua kitu.

Tasnifu ilihusu visima vya shule kumi na tisa katika wilaya ya Igombola, ambako maji yana madini ya floridi kupita kiasi. Watoto wa huko huota meno ya kahawia kabla hawajajua kuandika majina yao, na wengine hupinda miguu. Zaituni alipima kila kisima mara kumi na mbili. Alipopeleka matokeo kwa Afisa Maji wa wilaya, afisa alimpa kiti, akamweleza kwa upole kwamba maji yatatiliwa shaka rasmi siku tasnifu itakapopigwa muhuri. Kabla ya hapo, alisema, hayo ni maoni ya binti mwenye chupa.

Muhuri ulikuwa mbali kwa sababu msimamizi wake, Profesa Ntibani, alikuwa amefariki. Marehemu alikuwa na wanafunzi themanini na wanne wa kusimamia na moyo mmoja, na moyo ndio uliotangulia kuchoka. Zaituni akaomba msimamizi mwingine. Ofisi ya Shahada za Juu ikampa fomu ya kubadili msimamizi, fomu safi kabisa, yenye sehemu moja tu ya kutiwa sahihi: ya msimamizi anayeondoka.

"Ameshaondoka," Zaituni aliliambia dirisha.

"Ndiyo maana tunataka sahihi yake," dirisha lilijibu, likafungwa.

Jumatatu, Tume ya Ubora wa Elimu ya Juu ikabandika tangazo. Wadau wote walikaribishwa Ijumaa, saa nane mchana, Ukumbi wa Ridhaa, kutoa maoni juu ya Viwango Vipya vya Ubora. Kifungu cha tisa kilisema tasnifu ya uzamivu iwe na uzito usiopungua kilo moja na gramu mia saba. Kifungu cha kumi na nne kilisema mwanafunzi ambaye msimamizi wake hatafika mwenyewe kumsindikiza ataanza upya mwaka wa kwanza, kwa sababu yoyote ile, hata iwe nzuri.

Zaituni alikisoma kifungu hicho akiwa amesimama ubaoni, kisha akaenda kantini kumtafuta Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa Umoja wa Wanafunzi wa Shahada za Juu alikuwa Habakuki Senzota, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. Alianza kuisaka shahada yake akiwa na nywele. Alikuwa ameanzishwa upya mara nne, na mjukuu wake sasa alikuwa mwaka wa kwanza chuoni hapo hapo. Watu walimwita Babu Senzota, naye hakukataa. Kilikuwa cheo pekee ambacho chuo kilimwezesha kukipata.

"Tusiende," Zaituni alisema, akiweka kikombe cha chai mezani.

"Mwaka juzi hatukwenda. Taarifa ikasema wanafunzi hawakuwa na pingamizi."

"Basi twende tukatae."

"Mwaka jana tulikwenda. Mimi mwenyewe nilikataa dakika ishirini, mpaka koo likakauka. Taarifa ikasema tulipongeza kwa hisia kali."

"Tuingie bila kusaini."

Senzota alimenya muhogo wake taratibu. "Utapita mlango gani, binti? Pale mlangoni anakaa Bi. Matrida. Yule alimzuia askofu."

Zaituni akapiga funda la chai.

"Kuanza upya kunazoeleka," Senzota alisema. "Mara ya kwanza inauma. Ya pili unajua foleni ipi ni fupi. Ya nne unajua chumba kipi cha bweni hakivuji. Nitakuonyesha."

"Babu, mimi nikianza upya, Igombola wanakunywa yale maji miaka sita mingine. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atamaliza shule hajaonja maji mengine."

Senzota aliacha kumenya. Hakuwa na mzaha wa jambo hilo, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule.

*

Jumanne Zaituni alikwenda Tume mwenyewe.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Dokta wa Heshima Kasindo Malipula, mtu mpana, mwenye sahihi pana zaidi. Kwenye fomu yoyote sahihi yake ilichukua mistari mitatu, na waliofuata walijibana chini yake kama abiria. Alikuwa na tabia moja iliyosifiwa sana: kila alipocheka alifunika mdomo kwa kitambaa cheupe. Wasaidizi wake walisema ni unyenyekevu. Juu ya meza yake, mahali ambapo wengine huweka vitabu, palikuwa na mizani ya shaba.

"Itifaki imezingatiwa," alianza, ingawa chumbani walikuwa wawili tu. Akaipokea tasnifu, akaiweka kwenye mizani, akainama. "Kilo moja, gramu mia sita na sitini. Zinapungua gramu arobaini za elimu, binti."

"Mheshimiwa, kama ungeisoma kidogo tu..."

"Ningeisoma ningependelea. Mizani haina upendeleo." Akairudisha. "Na msimamizi wako Ijumaa aje mwenyewe."

"Profesa Ntibani amefariki, Mheshimiwa."

"Najua. Poleni sana. Kesho si ndiyo arobaini yake? Nitakuwepo. Televisheni ya taifa wanakuja?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Watakuja. Basi tutaonana kesho, na Ijumaa namsubiri yeye."

"Mheshimiwa, amefariki."

"Hiyo ni sababu, binti. Mimi nimeomba mahudhurio." Akacheka, na kitambaa kikapanda mdomoni.

Nje ya mlango ule, kwenye meza ndogo, alikuwa ameketi Bi. Matrida, Karani Mkuu wa Mahudhurio kwa miaka ishirini na saba. Alikuwa mwembamba, ana miwani, na kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Uzi ule ulipimwa. Ulifika kwenye mistari yote ya fomu na haukufika zaidi ya hapo.

Zaituni alikuwa amesaini wakati wa kuingia. Sasa akasimama mbele ya meza.

"Mama, ile fomu niliyosaini asubuhi itabanwa na nini?"

"Haijapata waraka bado."

"Kwa hiyo nimekubali kitu ambacho hakijaandikwa."

"Wengi mko hivyo." Bi. Matrida alivuta rula, akaendelea kunyoosha mstari uliofifia.

"Na wakubwa je? Wale wa meza kuu, wao husaini?"

"Wakubwa hutambulishwa. Hawasaini." Rula ikasimama. "Isipokuwa msibani. Msibani hugombania kalamu."

Zaituni akashusha begi begani. "Fomu za msibani zinatoka wapi, mama?"

"Kwangu. Mpigachapa ni mmoja."

"Hazina kichwa?"

"Fomu ni fomu." Bi. Matrida alimtazama juu ya miwani, uso wake hauna habari yoyote. "Mimi kazi yangu ni kutazama vitu viwili, mwanangu. Waraka ulio mbele, na sahihi zilizo nyuma. Nikivikuta vimebanwa pamoja napiga muhuri. Katika miaka ishirini na saba hakuna aliyeniuliza vilikutana wapi."

Akafungua droo, akatoa karatasi kumi tupu, akazihesabu mara mbili, akaziweka ukingoni mwa meza. Kisha akageukia dirishani kama mtu anayetazama kama mvua inakuja. Ulikuwa mwezi wa kiangazi.

*

Senzota aliupenda mpango wa Zaituni kuliko alivyompenda mjukuu wake. Alishauri jambo moja tu: mjane asiambiwe. Zaituni akasema hatafanya hivyo nyumbani kwa mwalimu wake, na Jumatano asubuhi na mapema wakawa wameketi sebuleni kwa Mama Ntibani, huku wanaume wakisimamisha hema uani.

Alimweleza yote: waraka utakaosomwa mahali pa wasifu wa marehemu, na fomu za mlangoni zitakazobanwa nyuma yake. Mama Ntibani alisikiliza huku akikunja leso juu ya goti. Zaituni alipomaliza, mjane aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki.

"Sura yako ya nne," alisema. "Alikuwa anaisahihisha. Tazama ukurasa wa sitini na moja."

Ukurasa ulikuwa na wino mwekundu mpaka katikati. Pembeni marehemu alikuwa ameandika: *Hapa eleza zaidi, msomaji lazima asimame hapa.* Chini ya hapo palikuwa na mstari uliotelemka, kisha karatasi nyeupe.

"Nina sharti moja," Mama Ntibani alisema. "Msinisomee uongo chini ya hema langu. Waraka wenu usomeni wote, kwa kipaza sauti, na mseme ni waraka. Asiyetaka kusikia ni shauri lake."

"Mama, wakisikia tumekwisha," Senzota alisema.

"Mzee Senzota, mimi nimeishi na profesa miaka thelathini na nimehudhuria misiba mingi ya maprofesa. Soma tu."

Kabla hawajaondoka, Zaituni alichukua kalamu akaongeza mstari mmoja kwenye waraka.

Saa nane magari kumi na moja yalipanga foleni nje ya ua. Meza ya mahudhurio iliwekwa mlangoni mwa hema, na Senzota akakaa nyuma yake kwa koti lake la mahafali ambayo hayajafika. Nasema kweli, sijawahi kuona viongozi wakipenda kuandika kama siku ile. Walisukumana. Makamu Mkuu wa Chuo alimpiga kiwiko Naibu Waziri. Dokta Malipula alipasua katikati, akashika kalamu mbele ya kamera, akatulia mpaka taa nyekundu ikawaka, kisha akasaini mistari mitatu ya kwanza. Wengine arobaini na wawili wakajibana chini yake.

Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa utasomwa wasifu wa marehemu. Zaituni akashika kipaza sauti.

"Huu si wasifu," alisema. "Huu ni waraka wa maazimio kuhusu elimu ya juu, kwa heshima ya Profesa Ntibani. Fomu mliyosaini mlangoni itaambatishwa nao."

Mbele yake, meza kuu ilikuwa imeinamia simu. Naibu Waziri alikuwa anaonyesha mtu picha. Zaituni akasoma. Kwanza, mwanafunzi aliyefiwa na msimamizi apewe mwingine ndani ya siku saba, wala marehemu wasidaiwe sahihi. Pili, tasnifu isomwe, isipimwe kwa mizani. Tatu, profesa mmoja asipewe wanafunzi zaidi ya kumi.

Hapo Dokta Malipula aliinua kichwa.

Alimtazama Zaituni moja kwa moja. Kope zake hazikucheza. Nyuma ya meza ya mahudhurio Senzota alizikunja fomu akaziingiza ndani ya koti, mkono wake ukabaki humo humo kama mtu mwenye maumivu ya kifua. Zaituni akaendelea: nne, tasnifu ya Zaituni Ngwale isikilizwe Ijumaa hii kabla ya saa kumi, msomaji wake awe Mwenyekiti wa Tume ya Ubora, naye aanzie pale kalamu ya marehemu iliposimama.

Dokta Malipula alimwinamia jirani yake, akamnong'oneza kitu. Jirani akatazama upande wa jikoni, akatikisa kichwa: bado.

Waraka ulipoisha, meza kuu ilipiga makofi, wengine wakasimama. Dokta Malipula alifika kwa Zaituni na mkono ulionyooshwa.

"Wasifu mzuri sana, binti. Marehemu alikuwa mtu wa watu."

*

Ijumaa mkutano wa saa nane ulikuwa bado haujaanza ilipofika saa tisa, kama desturi. Wanafunzi mia mbili wa shahada za juu walisimama nje ya Ukumbi wa Ridhaa, hawaingii wala hawaondoki. Ndani ya ukumbi, juu ya meza kuu, palikuwa na waraka wa Viwango Vipya, uliochapwa tayari pamoja na shukrani kwa wanafunzi kwa kuupongeza.

Saa tisa na dakika kumi Zaituni alitoka kwenye kundi, akaenda kwenye meza ya Bi. Matrida, akaweka mbele yake waraka mmoja wenye fomu zilizobanwa nyuma. Bi. Matrida alivitazama vitu viwili. Waraka. Sahihi. Akauvuta muhuri.

"Ngoja kwanza." Dokta Malipula alikuwa ameshuka kwenye gari. "Hicho ni nini?"

"Maazimio ya wadau, Mheshimiwa," Bi. Matrida alisema. "Wadau arobaini na watatu. Wewe ni wa kwanza."

Dokta Malipula akaichukua karatasi. Pale juu, mistari mitatu, ilikuwa imeketi sahihi yake, imenona.

"Hii ni arobaini," alisema pole pole. "Hii ni fomu ya arobaini."

"Fomu haisemi hivyo, Mheshimiwa."

"Mimi nilikwenda kuomboleza."

"Na mzee wa Mtunguru alikwenda kuuliza choo," Senzota alisema kutoka nyuma. Mtu mmoja kwenye kundi alicheka, akanyamazishwa.

"Sikujua kilichosomwa."

"Kilisomwa kwa kipaza sauti," Zaituni alisema. "Ulipiga makofi, Mheshimiwa. Televisheni ya taifa walikuja, kama ulivyosema."

Dokta Malipula alimgeukia Mshauri wa Sheria wa Tume, aliyekuwa ameshika kipaza sauti cha kufungulia mkutano na hakujua kwamba kiko hewani. Kwa hiyo sote tulisikia mnong'ono wake.

"Ukisema fomu hii haifungi, mkuu, hakuna itakayofunga. Zitaanguka sheria mia mbili na kumi na mbili. Iliyounda Tume imo. Na ule waraka wa udaktari wako wa heshima nao ulipitishwa kwa mahudhurio. Nilikuwepo. Ulikuwa ufunguzi wa bwawa la samaki."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na mbili. Dokta Malipula aliirudisha karatasi mezani, na muhuri ukashuka.

Lakini mtu hafiki uenyekiti wa Tume kwa kushindwa mara moja. Alijifuta paji la uso, akatabasamu kwa midomo iliyofungwa.

"Vema. Tunaheshimu utaratibu. Mimi ndiye msomaji, na tasnifu ina kurasa mia tatu na nne. Mtu makini hawezi kusoma kurasa hizo kwa dakika thelathini na nane. Ubora hauna haraka. Naahirisha mpaka Jumatatu."

Jumatatu. Kundi zima lilijua Jumatatu maana yake nini. Senzota alishusha kichwa, na nadhani alikuwa ameshaanza kufikiria kile chumba kisichovuja.

"Waraka unasema uanzie pale kalamu ya marehemu iliposimama," Zaituni alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka watu wa nyuma walisogea ili wasikie. Akatoa ule ukurasa mmoja kwenye bahasha ya kaki. "Iliposimama ni hapa. Usome huu, Mheshimiwa, kisha uniulize lolote. Ukikosa swali, ahirisha."

Dokta Malipula hakuwa na pa kuuweka mkono wake isipokuwa kwenye karatasi ile. Akaipokea. Akasoma kama watu wasomavyo matangazo ya vifo, akitafuta jina analolijua.

Alilipata mstari wa tano. *Kisima cha Shule ya Msingi Igombola Juu. Floridi, mara sita ya kiwango salama. Wanafunzi waliochunguzwa, mia nne na kumi na wawili. Wenye meno ya kahawia, mia tatu na tisini.*

Kitambaa cheupe kilipanda mdomoni. Hakuwa anacheka.

Saa tisa na nusu ikapita. Mshauri wa Sheria akakohoa, hakutazamwa.

"Kisima hiki," Dokta Malipula alisema kutoka nyuma ya kitambaa, "pembeni kina mzambarau."

"Ulikatwa, Mheshimiwa. Kisiki kipo."

"Na bado wanakunywa?"

"Leo asubuhi wamekunywa."

"Mwalimu alikuwa anatuchapa." Aliongea kama mtu anayejisomea. "Kila Jumatatu, mstarini. Tunafungua midomo, anapita na fimbo. Alisema hatusugui meno. Nilisugua kwa mchanga, mpaka damu."

"Hayatoki kwa kusugua," Zaituni alisema. "Rangi iko ndani ya jino. Huingia wakati jino bado liko kwenye fizi. Mwalimu hakujua. Hakuwa na pa kuisoma habari hiyo."

Hilo lilikuwa jibu, ingawa swali halikuulizwa. Swali likaja baadaye, na lilikuwa fupi.

"Kuna dawa?"

"Kwa meno yaliyokwisha ota, hapana. Kwa maji, ndiyo. Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Tulilijaribu kwenye visima viwili, floridi ikashuka mpaka kiwango salama. Sura ya tano, Mheshimiwa."

Akanyoosha mkono, na Zaituni akampa tasnifu nzima, ile yenye upungufu wa gramu arobaini. Aliifungua sura ya tano akiwa amesimama pale pale mlangoni, akasoma. Akauliza mifupa inachomwa kwa joto gani. Akajibiwa. Akauliza chujio hudumu muda gani, na likichoka nani atajua. Akajibiwa la kwanza, na la pili Zaituni alisema hajui bado, inahitaji utafiti mwingine. Senzota alifumba macho. Miaka yote aliyokaa chuoni alikuwa hajawahi kusikia mtu akisema hajui, akabaki amesimama.

"Mheshimiwa, saa," Bi. Matrida alisema. Ilikuwa kumi kasoro dakika saba. "Tasnifu imesikilizwa?"

"Imesikilizwa."

"Basi mahudhurio. Mtahiniwa anatangulia."

Akaiweka fomu mezani. Zaituni akainama, akashika kalamu, akaisogeza kwenye mstari wa kwanza. Kisha mkono ukasimama. Juu ya mistari, kama siku zote, palikuwa peupe.

"Saini, binti," Senzota alisema. "Zimebaki dakika tano. Usituue."

Zaituni aliipandisha kalamu kuelekea juu ya karatasi. Uzi ukakaza. Akavuta, uzi ukagoma, ncha ya kalamu ikining'inia kidole kimoja chini ya pale alipopataka.

Bi. Matrida aliutazama uzi ule. Alikuwa ameupima mwenyewe, miaka ishirini na saba iliyopita. Akafungua droo, akatoa mkasi, akaukata.

Zaituni akaandika, pole pole, kwa herufi zinazosomeka: *Waliotia sahihi hapa chini wamesikiliza tasnifu kuhusu visima vya Igombola, wakakubali kwamba maji yale hayafai kwa watoto. Hawakukubali jambo lingine lolote.* Ndipo akasaini. Akamgeuzia Dokta Malipula karatasi.

Ilikuwa kumi kasoro dakika tatu. Dokta Malipula alishika kalamu, akaishusha kwa mazoea, kisha akaiondoa. Akaanza kusoma kutoka juu. Midomo yake ilitembea. Alipofika mwisho akarudi tena mwanzo, na hakuna aliyethubutu kumhimiza, maana hatukuwa tumewahi kuona jambo hilo na hatukujua huchukua muda gani.

Kumi kasoro dakika moja akasaini. Sahihi yake safari hii ilikuwa ndogo. Iliingia yote ndani ya mstari mmoja, na chini yake ikabaki nafasi ya watu wengine.